Cha Kuokota na Cha Kuchuma

Ukianza kutafuta matunda ya miti ya mtaani hapa Ruanda, siku ya kwanza acha upembo nyumbani. Chukua kapu, tembea polepole, tazama chini. Sehemu kubwa ya maarifa ya kazi hii ni kujua tunda gani huokotwa na tunda gani huchumwa, na ukikosea hapo hakuna sukari wala limau litakalokuokoa jikoni. Kusu lililoanguliwa bichi litakukausha mdomo hata ulichemshe vipi. Parachichi nalo halilainiki likiwa mtini. Ukilisubiri liive huko juu utaliokota limepasuka na siafu wameshafika.

Ruanda ninayoizungumzia ni kata ya wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ni nchi ya kahawa, mahindi na maharage, iliyoinuka kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na zamani ilikuwa misitu ya miombo. Kwa hiyo miti ya matunda utakayoikuta ni ya namna mbili zilizochanganyika. Iko iliyopandwa uani na kando ya migomba: mipera, miparachichi, mifyulisi, miforosadi, matunda damu. Iko pia ile ambayo haikupandwa na mtu, iliyobaki shambani kwa sababu aliyefyeka pori aliona hasara kuikata: mikusu, mibura, mitonga. Ukwaju na ubuyu si vya huku juu. Hivyo hupanda kutoka nchi ya joto ya Momba na bonde la Rukwa, vikauzwa sokoni Mlowo na Tunduma, nawe utavinunua kama watu wengine.

Kabla ya kapu, hodi

Hakuna mti usio na mwenyewe. Hata mpera ulioota kwenye mfereji una mama ambaye watoto wake ndio wanaoula, na mkusu ulio katikati ya shamba la mahindi ni wa mwenye shamba, ijapokuwa hakuupanda. Nenda mlangoni, piga hodi, salimia, kisha useme unachotaka kwa maneno machache: "Shikamoo mama. Naomba kuokota mapera yaliyoanguka, ya mtini nitayaacha." Mara nyingi utaruhusiwa bila masharti, kwa sababu mapera yaliyoanguka yanamletea nzi. Mti wa shule uombe kwa mwalimu mkuu, wa zahanati kwa mganga. Pori la kijiji lina utaratibu wake chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na kijiji kinaweza kulitenga kama msitu wa hifadhi wenye masharti yake. Mwenyekiti wa kitongoji atakueleza wapi panaingilika. Miti ya makaburini na ya matambiko usiiguse mpaka mzee wa mahali hapo akwambie mwenyewe kwamba inaliwa.

Parachichi liweke kando kabisa na habari hizi. Siku hizi wakulima wengi wa Nyanda za Juu Kusini wamepanda aina ya Hass kwa ajili ya kuuza nje, na tunda moja lililochumwa kabla ya wakati ni hela ya mtu. Omba la kienyeji, lile kubwa lenye ngozi laini, na uombe likiwa bado gumu. Lichume na kikonyo chake, lifunge ndani ya kitambaa pamoja na ndizi mbivu, lingoje siku chache. Kisha liponde kwa chumvi na limau ulile na ugali wa moto. Usilipike, moto hulitia uchungu.

Swali la pili la kumuuliza mwenye shamba ni dawa. Huku kahawa hupigwa dawa za shaba, mrututu, dhidi ya chulebuni na kutu ya majani, na pampu ya mgongoni haichagui: mpera ulio kati ya mibuni hupata sehemu yake. Muulize amepiga lini na amepiga nini. Akisema ni wiki hii, mshukuru upite. Matunda ya kando kabisa ya barabara kuu iendayo Tunduma, ambako malori hupanga foleni, mimi huwaachia ndege.

Mwisho, watoto. Matawi ya chini ni yao, na yamekuwa yao tangu zamani. Mtu mzima mwenye ndoo akikomba mti wote asubuhi amewanyang'anya watoto chakula chao cha kutokea shuleni. Pera lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa, na watoto wengi hawapati tunda jingine la maana siku nzima. Acha zaidi ya unavyodhani inatosha.

Mapera, na nzi wake

Msimu wa mapera huja mvua zikiwa nyingi, ukaendelea hadi baridi inapoingia, kuanzia Machi hadi Juni hivi. Tunda la jamu unalolitaka ni mchanganyiko: mengi yawe yameiva na kunukia, machache yawe bado magumu na ya kijani iliyopauka. Hayo magumu ndiyo yenye pektini nyingi, kitu kinachoifanya jamu igande. Ukitumia mabivu matupu utapata kitu kitamu chenye kumiminika.

Yaliyoanguka yakague moja moja. Nzi wa matunda hutaga chini ya ganda, na funza hula kimyakimya. Kwa nje utaona kidoa kidogo kilicholainika. Tangu aina ya nzi kutoka Asia ilipogunduliwa Kenya mwaka 2003 na kuenea Afrika Mashariki, uharibifu umekuwa mkubwa, hasa kwa maembe. Ndiyo sababu naona muokotaji mwangalifu anamsaidia mwenye mti. Mapera mabovu usiyatupe kichakani. Yazamishe kwenye ndoo ya maji yenye mfuniko kwa siku kadhaa, au yachimbie shimo la nusu mita na ulishindilie, ili funza wasitoke kuwa nzi wa msimu ujao. Ukimfanyia mwenye nyumba kazi hiyo bila kuombwa, mwakani atakuita mwenyewe.

Jamu yenyewe ni hivi. Kilo mbili za mapera zioshe, kata ncha zote mbili, katakata vipande, usimenye. Weka kwenye sufuria, mimina maji yafunike tu, chemsha hadi vipande vipondeke kwa mwiko. Pitisha kwenye chujio la chuma ukisugua kwa mgongo wa kijiko, ili mbegu zibaki juu. Pima uji uliopatikana: kwa kila kilo moja, sukari robo tatu ya kilo na maji ya malimau mawili. Rudisha motoni, koroga mfululizo, kwa kuwa mapera hushika chini haraka na kurusha matone yanayounguza; funga khanga mkononi.

Uwe na subira. Kwenye mwinuko huu maji huchemka kwenye nyuzi joto 95 hivi, wala si 100, kwa hiyo muda ulioandikwa kwenye kitabu cha mapishi cha Dar es Salaam usiutegemee Mbozi. Usitazame saa. Weka kisahani mahali pa baridi, dondoshea tone la jamu, ngoja kidogo, lisukume kwa kidole. Likikunjamana juu limeiva. Likikimbia, endelea.

Chupa ziwe za kioo, na mifuniko isiwe na kutu. Zichemshe kwa dakika 15, zitoe zikiwa na moto, jaza jamu ikiwa na moto hivyohivyo, funga. Chupa za plastiki zitajikunja, tena hazichemshiki. Sukari ni ghali na wengi hupenda kuipunguza. Punguza, lakini ujue sukari ndiyo inayoizuia jamu isiharibike; yenye sukari kidogo iliwe ndani ya wiki moja au mbili. Ikiota ukungu, mwaga yote. Kukwangua juu hakutoshi.

Mapera ya mwisho ya Juni yanafaa zaidi kukaushwa, maana mvua zimekatika na upepo ni mkavu. Uji ule uliochujwa, tia sukari kidogo tu, utandaze kwenye sinia lililopakwa mafuta, unene usizidi nusu ya kidole cha mwisho. Funika kwa kipande cha chandarua kisichotiwa dawa, anika juu mbali na vumbi la barabara, ingiza ndani jioni kabla ya umande. Baada ya siku kadhaa utabanduka kama ngozi. Ukate vipande, uuweke kwenye kopo kavu. Watoto huupenda kuliko pipi.

Makusu, mabura na matonga

Hapa ndipo penye utajiri wa nchi hii, nami nasikitika tunavyoupita. Kitabu cha Christopher Ruffo na wenzake kuhusu mimea ya porini inayoliwa Tanzania, kilichotoka mwaka 2002, kimeandika juu ya miti hii. Wanawake wa Tabora, ambako watafiti wa kilimo mseto wamefanya kazi kwenye kituo cha Tumbi, wamefundishwa kutengeneza jamu, juisi na mvinyo kwa matunda ya miombo. Malawi wametoa mvinyo wa makusu uitwao Mulunguzi. Sisi tuna miti ileile mashambani, na matunda yake huishia kukanyagwa na ng'ombe.

Kusu ni la mviringo, ganda gumu la rangi ya kahawia inayoelekea manjano, nyama tamu yenye kunata, mbegu tatu au nne ndani. Ng'ambo ya mpaka, Nakonde, watakwambia masuku. Huiva mvua zinapoanza na kuendelea miezi ya kwanza ya masika. Okota chini ya mti asubuhi mapema, kabla ya mbuzi. Likiwa limeanguka lakini bado gumu kidogo, liweke ndani siku mbili tatu litalainika. Usipige mti kwa jiwe wala kutikisa tawi. Utaangusha mabichi yenye ukakasi na kuharibu ya wiki ijayo. Na ukiona mkusu usiozaa mwaka hadi mwaka, usimshauri mwenyewe aukate. Mikusu ina midume na mijike, na ule usiozaa ndio unaowezesha mwenzake kuzaa.

Juisi ya makusu haihitaji mashine. Pasua makusu 30 hivi, kamua nyama na mbegu kwenye beseni safi, mimina lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa hadi vuguvugu, sugua kwa mikono iliyooshwa mpaka mbegu ziwe nyeupe. Chuja kwa kitambaa. Onja kabla ya kutia sukari, mara nyingi haihitajiki. Kamulia limau, unywe siku hiyohiyo, kwa kuwa kesho yake itaanza kuchachuka.

Mabura yana tabia nyingine. Huanguka kabla hayajaiva sawasawa, yakamalizia kuiva chini au ndani ya kapu. Yakiwa tayari yananukia, nyama ni ya unga, si ya maji, na hapo ndipo penye faida: bura huongezwa kwenye uji. Yatwange kwenye kinu kwa mchi wa polepole, lengo ni kutenga nyama na kokwa bila kuvunja kokwa. Chukua mabakuli mawili ya nyama, sugua ndani ya lita moja ya maji ya moto, chuja. Maji hayo mazito ndiyo upikie uji wa ulezi badala ya maji matupu. Uji utatoka wenye utamu wake na rangi ya udongo, na mzee asiye na meno ataumaliza. Kokwa zianike. Ndani yake mna kiini chenye mafuta, kinaliwa, ila kokwa ni ngumu sana, na kuzivunja kwa jiwe ni kazi ya mchana wenye nafasi.

Matonga yanataka uangalifu kuliko yote, basi soma hapa kwa makini. Tonga ni tunda la mviringo lenye ganda gumu kama ubao, la kijani likiwa bichi, likiiva linakuwa la manjano au rangi ya chungwa. Nyama iliyoiva ni tamu yenye uchachu, imeshikamana na mbegu bapa nyingi. Bichi usile: hutapisha. Mbegu usizitafune, usizisage, usizitwange. Mti huu ni wa jamii moja na ule unaotoa sumu ya strikinini, na mbegu zina uchungu wake. Kwa hiyo blenda marufuku. Ligonge kwenye jiwe lipasuke, munyamunya nyama, tema mbegu. Kama ni juisi, loweka nyama na mbegu zake kwenye maji yaliyochemshwa, sugua kwa mkono taratibu, chuja, tupa mbegu mbali na kuku na watoto. Watoto wadogo wape juisi, si tunda.

Vya uani, kwa haraka

Forosadi huiva kwa pamoja na kuoza kwa pamoja. Tandika turubai au mkeka wa zamani chini, tikisa tawi kwa mkono, nyeusi zitaanguka na nyekundu zitabaki. Zipike siku hiyohiyo. Zina pektini kidogo, hivyo changanya na mapera magumu au ongeza malimau, na uvae nguo usiyoijali.

Mafyulisi ya kienyeji ni madogo na yana nywele. Yasugue kwa kitambaa kibichi, chemsha na sukari na kipande cha tangawizi, kula yakiwa yamepoa. Kokwa zake usizivunje ule kiini; kina kitu kinachogeuka sumu tumboni.

Matunda damu watu wengi hunyonya tu na kutupa ganda, nami naona ni kulidhulumu tunda. Yamwagie maji ya moto, ngoja dakika mbili, ganda chungu litatoka lenyewe. Katakata sita, kaanga kitunguu kimoja, tia matunda damu, pilipili, chumvi na sukari ya kijiko cha chai. Yaache yachemke mpaka yawe rojo. Weka pembeni ya ugali na maharage miezi ambayo nyanya ni ghali sokoni, hutazikumbuka.

Papai bichi lililoangushwa na upepo ni mboga. Menya, toa mbegu, kata vipande, chemsha na karanga zilizotwangwa. Kipande chake kikitiwa kwenye sufuria ya nyama ya ng'ombe mzee hulainisha nyama na kuokoa mkaa.

Visivyoliwa

Uzio wa mbono kaburi umezunguka nyumba nyingi, na mbegu zake zina ladha ya karanga, ndiyo maana kila mara husikika watoto waliozila wakatapika na kuharisha mpaka kupelekwa hospitali. Ndulele, yale matunda madogo ya manjano kwenye kichaka chenye miiba, nayo hayaliwi. Pia kuna mti wa mapambo wenye maua ya manjano yenye umbo la tarumbeta, majani membamba na utomvu mweupe, unaozaa tunda la kijani lenye pembe. Sumu yake hushambulia moyo. Kanuni ninayofuata ni kwamba ndege na nyani si mashahidi. Tunda ambalo watu wazima wawili wa mahali hapo hawalitaji kwa jina na hawasemi wanavyolila, mimi siliweki kapuni. Mtu akila kitu asichokijua akaanza kutapika au kukakamaa, mpeleke zahanati mara moja pamoja na tunda lenyewe au tawi lake, ili mganga aone.

Ukitaka kuuza

Jamu ya kupeana na majirani haina urasimu. Ukishaibandika bei, mambo hubadilika: vyakula vilivyosindikwa viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, hufundisha usindikaji na kuelekeza wajasiriamali njia ya kupata alama ya ubora. Anza na tunda moja ambalo una uhakika wa miti yake. Na hapo makubaliano na wenye miti yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari: kilo ngapi, kwa bei gani, nani anaokota. Ruhusa ya kuokota kapu moja la nyumbani si ruhusa ya biashara.

Na ukiwa na kipande chako cha ardhi, panda mkusu. Miche yake haiuzwi kwenye vitalu vingi. Chukua mbegu za tunda uliloliona tamu kuliko yote, zioshe utelezi wote, zipande upesi kabla hazijakauka, kwa sababu zikikaa hupoteza uhai. Udongo wa kwenye mifuko ya miche uchanganye na udongo uliochotwa chini ya mkusu mkubwa. Mizizi ya mti huu huishi kwa kushirikiana na kuvu walio katika udongo huo, na bila wao mche hudumaa. Baadhi ya kuvu hao ndio watakaokuzalia uyoga baadaye. Panda miche kadhaa pamoja, kwa kuwa hutajua ipi midume na ipi mijike mpaka itoe maua, na hiyo ni miaka mingi.